Gereji Yangu Iko Jikoni

Gari la siku hizi likiugua, fundi huchomeka waya chini ya usukani, kompyuta ikasoma ugonjwa, nawe ukasomewa bei. Pijo 504 haina pa kuchomekwa waya. Ilianza kuundwa mwaka 1968, enzi ambayo gari lilijieleza lenyewe kwa kukohoa, kufuka moshi au kunyamaza. Yangu ina vipaji vyote vitatu, na haisemi itatumia kipi mpaka nimeshavaa tai.

Kiwanda hakina lawama. Chuma chenye miaka zaidi ya arobaini kina haki ya kulalamika, na hiki ni cha ukoo wa heshima. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akaja kushinda tena kwa 504 mwaka 1978. Kabla matatu za Nissan hazijatawala barabara, Pijo za stesheni wagoni ndizo zilizokuwa zikibeba watu Bonde la Ufa, Nairobi hadi Nakuru hadi Eldoret, abiria wamebanana mpaka kiti cha nyuma kabisa. Kila mzee hapa Kiplombe, Eldoret, aliwahi kupanda moja, na kwa sababu hiyo kila mzee ni makanika wa Pijo.

Nikifungua boneti tu, baraza linaketi. Mzee jirani hutoa hukumu kabla hajafika kwenye lango: "Hiyo ni kabureta." Husema kabureta hata taa ya nyuma ikizima. Kijana wa boda boda hunishauri kwa upole, "Mzee, tia tu injini ya Toyota." Mama wa maziwa yeye hana maneno mengi. Huuliza vyuma chakavu siku hizi ni pesa ngapi kwa kilo, kisha huliangalia gari langu kwa muda mrefu.

Injini ya petroli haitaki makuu. Inataka petroli, hewa, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Shida yetu ni hewa. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa Mombasa ikipanda huku inaipa injini petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi zinavaa masizi, na asubuhi ya baridi ya Julai injini inageuka na kugeuka bila kushika. Kwa hiyo mzee jirani hupatia mara mojamoja, hasa asipobadilisha jibu.

Dawa ya plagi nyeusi ni moto. Unaishika kwa koleo, unaichoma kwenye jiko la gesi mpaka masizi yaungue, unaisugua kwa brashi ya waya. Hapo ndipo mama watoto alipoingia akauliza, "Baba watoto, na hiyo ni mboga gani?"

Baada ya hapo nyumba nzima iligeuka stoo ya spea. Pointi za distributa zikichakaa huhitaji kusuguliwa kidogo, na tupa ya kucha hufanya kazi hiyo vizuri kuliko msasa. Mwanya wake, kama hakuna kipimo, fundi wa jua kali huupima kwa unene wa kadi. Mimi nilitumia kadi ya mchango wa harusi, na ndiyo harusi ya kwanza ya watu kunichangia mimi. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, magadi yaleyale ya kulainishia mboga, yakikorogwa katika maji ya moto, huumaliza ukiangalia. Povu linapanda, asidi inakwisha nguvu, starta inapata umeme wake. Angalia tu yasiingie ndani ya betri.

Sasa kesi ya sufuria. Gari lilianza kuchemka kila likipanda kilima, mshale ukilalia wekundu. Baraza likaamua kwa kauli moja: gaskiti ya silinda hedi. Maana yake ni kufungua injini na kufunga pochi. Nikasema, kabla hatujapasua mgonjwa, tumpime joto.

Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate joto. Ukikwama umefungwa, injini inapikika. Unaitoa, unaifunga uzi, unaining'iniza katika maji yaliyo motoni bila kugusa chini. Themostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, kwa hiyo yakitokota na mlango bado umefungwa, umemkamata mwizi. Sufuria iliyokuwa na kina cha kutosha ilikuwa moja tu: ya chai.

Maji yalitokota. Mlango haukufunguka. Lakini mlango wa jikoni ulifunguka, wakaingia akina mama wa chama pamoja na mwenyekiti wao. Walichungulia sufuria kwa adabu. Mmoja akauliza inaiva saa ngapi.

Themostati mpya ilinigharimu sehemu ndogo ya bei ya kufungua injini. Hoja hiyo haikusikilizwa. Hukumu ilitolewa jioni hiyohiyo kwamba sufuria ile haitarudi kwenye chai, na rufani hakuna.

Zipo asubuhi ambazo hata jikoni hakuna dawa. Hapo huwa nangoja wakimbiaji. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, lakini mabingwa wetu bado wanafanya mazoezi kwenye barabara za vumbi alfajiri. Kwingine gari huwapita wakimbiaji. Kiplombe wao hulipita langu, wakageuka, wakalisukuma. Naachia klachi kwenye gia ya pili, injini inashika, nao wanaendelea na mbio zao hata jasho halijawatoka.

Ndugu msomaji, ikiwa unatamani gari la zamani, usiogope. Anza kupima kitu cha bei rahisi, cha bei ghali kiwe cha mwisho, na usiruhusu baraza lifungue injini kabla hujachemsha maji. Na siku utakayolinunua, pitia dukani ulinunulie na sufuria yake.