Kusudi kwa elfu hamsini

Jumamosi nililipa elfu hamsini ili nielezwe kusudi la maisha yangu. Mhamasishaji, suti ya bluu na kiatu chenye ncha, akatuamuru tufumbe macho tuisake shauku iliyolala ndani yetu. Nikafumba. Ndani nilikuta njaa tu. Chai ya saa nne ilikuwa bado haijaletwa. "Acheni kazi zisizowawasha moyo!" akafoka. Jirani yangu, karani wa halmashauri, akaliandika hilo daftarini na kulipigia mstari mara mbili. Watoto wake wanne hawakualikwa.

Mwandishi Shaaban Robert naye alikuwa karani, tena wa forodha, tangu 1926 hadi 1944. Hakuna aliyemfumbisha macho, na vitabu tunavyo.

Nje ya ukumbi, mama mmoja alikuwa anageuza vitumbua kwa kijiti, moshi wote usoni. Nikamwuliza, "Mama, hii ndiyo shauku yako?" Akanitazama juu mpaka chini. "Baba, unanunua au unanizibia wateja?"

Nikanunua vitano. Semina ya pili ni mwezi ujao, elfu themanini, chai haimo.