Jino la Jeki

Uvimbe ulitokea chini ya jicho la kushoto la mbwa wetu Jeki siku moja kabla ya kipaimara cha mdogo wetu Neema, nyumba imejaa wageni kutoka Kilosa na Mahenge. Mjomba Festo alisema ni nyuki. Baba Amani, jirani yetu hapa Kihonda, Morogoro, alisema mbwa kapigwa jiwe usiku, akaanza kuwataja washukiwa mmoja mmoja.

"Si anakula?" Mama aliuliza akiwa jikoni. "Basi hana neno."

Bibi peke yake ndiye aliyevuta kigoda akamtazama Jeki akila. Ugali na dagaa viliisha, ndiyo, lakini alitafuna upande mmoja, kainamisha kichwa, mate yakimdondoka.

Ikanunuliwa dawa ya matone ya macho. Jioni Shangazi Rosa akatoa parasetamoli mkobani, Jeki apewe kidonge, na paka naye apewe kwa kuwa alikuwa akipiga chafya. Bibi akamshika mkono. "Mwanangu, dawa ya mtu si ya paka." Alikuwa sahihi kuliko alivyojua: kidonge kimoja chaweza kumuua paka, kwa maana ini lake halimudu kuivunja dawa hiyo.

Baada ya sherehe uvimbe ulipasuka, usaha ukatiririka shavuni. Mama akalia, akajua jicho limekwenda. Bwana mifugo akaja na pikipiki yake, akachoma sindano ya antibayotiki, uvimbe ukanywea. Kabla furaha haijatulia, ukarudi palepale.

Hapo tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Morogoro ni mji wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachofundisha udaktari huo. Hatukuwa na sababu ya kuendelea kubahatisha. Daktari alitazama jicho mara moja, kisha akainua mdomo wa juu. Gego kubwa lilikuwa limebanduka ubavu mzima kama kigae, kiini kiko wazi.

"Mama, jicho ni zima," alisema. "Mnampa mifupa?"

"Ya supu, daktari. Si inasafisha meno?"

Akatueleza taratibu. Gego lile lina mizizi mitatu, na ncha zake ziko karibu kabisa na chini ya jicho. Likivunjika, vijidudu hupenya hadi mizizini, usaha hujikusanya na kutafuta pa kutokea. Sindano hupunguza uvimbe, lakini jino bovu likibaki, ugonjwa umebaki. Kuhusu mifupa alitupa kipimo: kitu kisichobonyea kwa ukucha ni kigumu mno kwa jino la mbwa.

Jeki alipewa nusu kaputi. Mama alikaa kwenye benchi na rozari yake mpaka mwisho. Ndani, daktari alilikata jino vipande vitatu, akautoa kila mzizi peke yake, kisha akakwangua ukoga kwenye mengine 41. Ukoga huo huanza kama utando laini. Usipofutwa, siku chache tu madini ya mate huugeuza jiwe ambalo mswaki hauliwezi. Chini yake ufizi huvimba, hutoa damu, hurudi nyuma, na mfupa unaoshikilia meno huliwa pole pole. Paka wetu naye alipokaguliwa alikutwa na ufizi mwekundu, ingawa hakuwa ameacha sahani hata siku moja.

Sasa Neema ndiye mwenye kazi ya mswaki: mswaki laini wa mtoto na dawa ya meno iliyotengenezwa kwa wanyama. Yetu haifai, kwa kuwa mbwa hatemi, humeza. Na zile zenye zailitoli hushusha sukari mwilini mwake na kuharibu ini, hata kumuua. Mifupa ya supu inafukiwa shimoni. Kila Jumamosi midomo yote miwili inainuliwa, tunatafuta rangi ya kahawia, damu, jino lililovunjika, harufu mbaya.

Mnyama mwenye jino bovu hula, kwa sababu njaa huyashinda maumivu. Jeki alikula siku zote zile usaha ukimjaa usoni. Kwa hiyo nawaomba wenye mbwa na paka: msiridhike na sahani tupu. Kaeni mwatazame wanavyotafuna, na mfungue midomo yao mtazame ndani.