Muulize Mzee Timazi

*Papa Timazi, jambo. Uwanja wangu wa mawe hapa Kimanga umekuwa mabonde na vilima. Meza haisimami, viti vinayumba, na juzi shemeji alijikwaa akiwa amebeba sinia la mikeke. Nifanyeje? – Mama wa Mabonde, Kimanga.*

Mama, jambo sana, na pole kwa samaki. Shemeji atapona, lakini mukeke uliochomwa vizuri ukishaanguka mchangani hauna daktari.

Umefanya vyema kuniandikia mimi. Mji wetu wa Uvira una mafundi wengi na wote nawaheshimu, hasa wale niliowafundisha, yaani wale wanaojua kazi. Nilishika mwiko kabla meno ya utoto hayajanitoka. Hadi leo nikipita mtaa wa Mulongwe, mawe ya watu hujipanga yenyewe kwa aibu. Nasema hivi bila majivuno. Majivuno nimewaachia wenye marumaru.

Najua umeshaambiwa ni tetemeko. Hapa kwetu kila ufa una tetemeko lake. Kweli tunakaa kwenye bonde la ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 ziwa letu la Tanganyika lilitikiswa kwa ukubwa wa 6.8, hata mimi nikamwaga chai. Lakini tetemeko haliteui mawe machache ya chini ya bati likayaacha mengine yamelala salama. Nenda ukatazame: mabonde yako yako pale maji ya mvua yanapodondokea kutoka paani. Hukuniambia, ila nimejua. Karatasi yako ilikuwa na unyevu.

Swali la fundi ni moja: maji yanakwenda wapi? Swali hilohilo ndilo lililowaleta wazungu Uvira. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1858 wakitaka kujua kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Wenyeji wakawaambia unaingia. Wakageuza mitumbwi bila kuuona mdomo wa mto, halafu wakaenda kugombana kwao miaka mingi. Novemba 1871 wakaja Livingstone na Stanley, wakapiga makasia kutoka Ujiji, wakatazama: unaingia. Miaka 13, mama! Mtoto yeyote wa Kavimvira angewaonyesha kwa kutupa jani. Mimi ningetumia ndoo.

Nawe chukua ndoo. Imwage katikati ya uwanja, kalia kiti kisichoyumba, tazama. Maji yakikimbilia ukuta wa nyumba, au yakituama, ugonjwa umeuona. Uwanja unatakiwa uiname kuipa nyumba mgongo, sentimita 2 kwa kila mita. Usicheke, hata ziwa letu liliwahi kuugua hivyo. Lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Katika karne ya 19 njia hiyo iliziba kwa tope na majani, maji yakapanda, mpaka mnamo 1878 kizuizi kikapasuka na ziwa likashuka mita kadhaa. Nilikuwa sijazaliwa, la sivyo wangenikuta pale na sepetu. Wazazi wangu walichelewa.

Sasa jirani atakuja na mfuko wa simenti akwambie ujaze mabonde, upige mwiko juu, muendelee na maisha. Mpe chai, mfunge mdomo. Simenti nyembamba juu ya jiwe linalocheza hubanduka kama ukoko wa ugali, mara nyingi kabla hujamaliza kuilipa. Jiwe halina kosa. Kosa liko chini yake.

Kwa hiyo subiri kiangazi, Juni hadi Agosti. Yaandike mawe namba kwa chaki na uyapige picha, kwa sababu kila mtu husema atakumbuka na hakuna anayekumbuka. Yang'oe kwa mtaimbo. Chimba hadi udongo mgumu, ondoa mizizi na udongo mweusi, kisha jaza kokoto za kuvunjwa, zile wanazogonga akina mama kando ya barabara. Zile za mviringo za mtoni acha. Hizo huteleza zenyewe kwa zenyewe, wakati zenye kona hushikana. Tandaza sentimita 10, nyunyiza maji kidogo, shindilia, ndipo uongeze tabaka jingine.

Kushindilia kuna mashine, lakini mashine ina mwenyewe na mwenyewe ana bei. Dawa yangu ni kwaya. Alika kwaya ya parokia, wapange mistari, waimbe nyimbo za kuchezea miguu. Wale wa besi waweke kwenye kona, maana kona ndizo hushuka kwanza. Soprano waruke karibu na ukuta. Ukipiga kisigino chini na kisizame, wape soda. Niliwahi kushindilia uwanja mzima kwa kwaya mbili zilizokuwa hazisemezani, na ushindani wao ulifanya kazi ambayo hakuna mashine imewahi kuifanya.

Juu ya kokoto weka mchanga, sentimita 3 hadi 5. Mchanga upi? Tia viganja vichache katika chupa safi ya plastiki, jaza maji, tikisa, iache hadi kesho. Mchanga utalala chini, tope litakaa juu yake, lenye rangi ya kahawa na laini ukiligusa. Tabaka la tope likiwa nene, mrudishie aliyekuuzia, pamoja na salamu zangu.

Mawe yaliyovunjika yabadilishe, lakini usiende kuyang'oa kwenye kingo za mto Mulongwe juu ya nyumba za watu. Aprili 2020 mto ule ulifurika, ukashusha mawe na matope mjini, ukachukua watu na nyumba. Hapo sina utani.

Nafasi inaisha, na mhariri ananitazama vibaya. Basi haraka: rudisha mawe kwa namba, upande bapa juu, gonga kwa nyundo ya mpira, pima kwa kamba na pimamaji, jiwe likicheza, linyanyue uongeze mchanga chini, usilipigie kabari ya kijiwe. Mawe ya ukingoni yashike kwa zege, mwanya ujaze kwa simenti moja na mchanga nne, funika kwa magunia mabichi siku 7. Na bomba la paani lipeleke mferejini, mama, mferejini!

*Mzee, ziwa limefika barazani kwangu Kalundu. Niliinue baraza kwa mawe? – Mvuvi.*

Mwanangu, mwaka 2021 ziwa lilipanda, 2024 likapanda tena. Ngoja lishuke, kisha jenga baraza jingine mlimani upande ule ambao si korongo la mto.

Na yule wa Kasenga aliyeandika bila jina kwamba baraza langu mwenyewe limepinda: limeinama. Sentimita 2 kwa mita. Njoo na ndoo yako.