Mgeni Aliyebisha Hodi Akiwa Ndani

Katika ada za watu wa pwani, mwenye kubisha hodi hubisha mara tatu, na asipoitikiwa hurejea kwao bila kinyongo, kwa kuwa mwenye nyumba huenda amelala, huenda yumo chooni, au huenda hana haja naye tu, na sababu zote hizo zina heshima sawa. Kompyuta niliyoletewa na binti yangu kutoka Maskati haikulelewa katika ada hiyo.

Siku ya kwanza, kabla sijaandika hata herufi moja, ilinitaka nijisajili kwa waliotengeneza mfumo endeshi wake, watu ambao sina udugu nao wala sina deni lao. Mfano wa mtu aliyenunua mkeka sokoni, kisha aliyeushona akamzuia asiukalie mpaka amtajie jina, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu. Mpwa wangu, fundi wa mambo hayo, aliniarifu kwamba zamani ilitosha kukata intaneti wakati wa kuiandaa, nayo ikakata tamaa na kumruhusu mtu apite kwa jina na neno la siri tu, lakini mlango huo wa uani wenyewe wamekuwa wakiuziba. Nikafungua akaunti. Nilidhani shari imekwisha.

Tangu hapo haipiti wiki bila ya kioo kizima kufunikwa na tangazo la kuniarifu kwamba matayarisho ya kompyuta bado hayajatimia, ilhali mimi nimekwisha kuiandikia hotuba mbili na tanzia moja. Chini ya tangazo huwa pana vitufe viwili: cha kwanza cha kukubali, na cha pili cha kukumbushwa baada ya siku 3. Nimekitafuta cha hapana kwa miwani, nikakitafuta bila miwani, sikukiona.

Nami nilistahili. Katika umri wangu wote sijapata kumwambia mtu hapana usoni: mwenye kutaka kukopa humwambia inshallah, mwenye kunialika shughuli ya mbali humwambia tutaona, na muuza bima humwambia apite kesho, nao, kwa kuwa ni waungwana, hufahamu kuwa nimekataa, wakaenda zao. Mashine hii imeniachia jibu langu lilelile, kisha ikalishika kuwa ni miadi.

Fedheha yenyewe ilinifika katika kikao cha arusi, ambako nilikuwa katibu. Kumbe kompyuta, kwa ihsani ambayo sikuiomba, ilikuwa imeyahamisha majalada yangu na kuyapeleka kwenye lile ghala la mbali liitwalo wingu, ambalo GB 5 za mwanzo ni bure. Video za mjukuu wangu akicheza dufu zikalijaza, na sasa ilitaka ilipwe kila mwezi. Nilipoifungua orodha ya michango mbele ya wajumbe, jina la jalada lilikuwapo lakini jalada halikuwapo, maana lilikuwa winguni, na nyumbani kwa mwenyekiti intaneti haikuwako. Niliwaeleza hivyo hivyo. Wakanitazama kama mtunza hazina asemaye kwamba fedha zimepaa, na mzee mmoja, ambaye naamini hakukusudia mzaha, akauliza kama mvua ikinyesha zitashuka.

Jioni mpwa wangu alinisihi aung'oe mfumo huo aniwekee Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, na ambayo aina zake nyingi hugawiwa bure bila kumdai mtu akaunti. Maneno yake yalikuwa ya haki tupu, wala sikuwa na hoja ya kuyapinga. Ila ulimi una mazoea yake.

"Inshallah, mwanangu," nikamwambia, "labda baadaye."

"Basi nikukumbushe baada ya siku tatu, mjomba?"