Kikao Kwenye Tuta la Kunde

Nyuma ya nyumba moja Babati mjini, upande unaotazama Mlima Kwaraa, Jumamosi asubuhi. Mwenye nyumba ameingia ndani kutafuta miwani. Bomba la mgongoni limeegemea ukuta, limejaa.

BOMBA: Shikamoo, Bibi Utupa.

UTUPA: Marahaba. Leo kakuchanganyia nini?

BOMBA: Chupa tatu za dawa. Moja ya nyanya, moja ya pamba, ya tatu kibandiko kilishabanduka. Kaambiwa zikikutana zinaongezeana nguvu.

KIDUKARI: Karibu, mzee. Wiki iliyopita ulitupunguza, ila tumeshajaa tena.

BOMBA: Haraka hivyo?

KIDUKARI: Sisi hatuna kamati ya harusi. Hakuna mwenyekiti, hakuna mweka hazina, hakuna kadi za mchango, hakuna kikao cha kuvunja kamati, hakuna ugomvi wa sare, hakuna mshereheshaji, hakuna keki ya ndafu. Dume lenyewe halihitajiki. Nimezaliwa mzimamzima, si yai, na binti zangu walishaanza kuumbika ndani yangu nikiwa bado tumboni mwa mama. Wiki moja hivi, nami nazaa.

SISIMIZI: Ulinzi juu yangu. Ananilipa kwa ule utamu unaomtoka nyuma.

UTUPA: Dalali huyo. Jasho hatoki, asali anakunywa.

KIDUKARI: Na siku hizi hana hata kazi. Tuliyemwogopa ni yule mwekundu mwenye madoa meusi, mgongo kama kobe. Alikuwa anakula makumi yetu kwa siku. Mzee Bomba katuondolea. Ahsante, mzee.

BOMBA: Mimi naelekezwa tu.

UTUPA: Kila mwenye sumu anaelekezwa tu! Na urea ya juzi?

BOMBA: Alitaka kunde zinenepe.

UTUPA: Kunde, jamani! Mmea wenye vifundo mizizini, unaojipatia naitrojeni ya hewani bure! Anaumwagia urea, machipukizi yanatoka laini, yamejaa utomvu, Kidukari anaona pilau. Kisha anarudi dukani kununua dawa ya kuwaua wageni aliowaalika mwenyewe.

KIDUKARI: Kadi yetu haikuwa na mchango.

UTUPA: Mimi niko kwenye uzio huu mwaka wa nne. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, wameyajaribu majani yangu kwenye maharage: unaponda, unaloweka, unachuja, unatia sabuni kidogo. Vidukari walipungua, na wadudu rafiki walisalimika kuliko kwa dawa ya dukani. Nami si malaika, samaki wananijua, nikitiwa mtoni wanaelea. Lakini mwenye nyumba huyu ananikata kuni! Shahada ipo ukutani, kibandiko hasomi. Anapulizia maua yakiwa wazi, nyuki wamo ndani. Barakoa hana, jasho anajifuta kwa kiganja kilekile. Chupa ikiisha inasuuzwa, inatiwa mafuta ya taa. Na wewe unayesoma, unacheka nini? Yako iko uvunguni, karibu na gunia la mchele.

SISIMIZI: Bibi, anakuja.

Miwani ilikuwa ya kusomea ujumbe wa simu. Alipulizia tuta zima, akarudia mara mbili penye sisimizi wengi.

Jumapili jioni majani ya kunde yalichumwa, yakaungwa kwa karanga. Chupa ya kwanza iliandikwa asichume kabla ya siku 14.