Mkulima wa Sifuri

Wanyama wa Ukata, kule kwenye milima ya Mbinga, walikuwa na chama chao cha msingi cha kahawa, na mwenyekiti wao alikuwa Fisi. Fisi hakuwahi kupanda hata mche mmoja wa kahawa mteremkoni, lakini kila msimu gunia lake lilikuwamo ghalani. Lilifikaje? Hakuna aliyeuliza.

Chama kikamwajiri Ngedere, aliyerudi kutoka Songea alikojifunza kuandika programu. Mwanzoni kila mwanachama alipewa jina lake kwenye programu na amri yake ya malipo. Akijiunga mmoja, Ngedere aliandika amri mpya. Akihama mmoja, alikesha akitafuta ya kufuta.

“Mjukuu wangu,” Kobe akamwambia, “ghala letu lina mlango mmoja. Mbona sisi umetujengea milango sita?”

Ngedere akafumba macho kidogo, kisha akaandika safu moja kwa JavaScript:

wanachama = ["Kanga", "Fisi", "Kobe", "Nguruwe", "Sungura", "Pimbi"]

“Sasa jina ni moja, nafasi ni sita,” akawaeleza. “Anayejiunga namwongeza mwishoni kwa push, na nikitaka idadi yenu nauliza length.”

“Mimi niko wapi?” akauliza Fisi.

“Nafasi ya 1, Mzee.”

Fisi akatoa meno yote nje. “Na Kanga?”

“Nafasi ya 0, kwa kuwa ndiye aliyeleta kahawa mapema kuliko wote. Namba za safu ni hatua kutoka mwanzo wa mstari, na aliye mwanzoni hahitaji hatua. Ndiyo maana mko sita lakini wa mwisho, Pimbi, yuko nafasi ya 5.”

Katika maneno yote hayo Fisi alisikia sifuri peke yake. “Sifuri atangulie mwenyekiti? Malipo yaanze namba moja, yaishie namba sita. Tuko sita, hatuko?”

“Tuko sita!” wakaitikia wote, na Kanga akiwemo.

Ngedere alijua kosa lilipo. Alijua pia kwamba mkataba wake unaisha mwezi ujao. Akaandika alivyoagizwa.

Siku ya malipo bahasha sita zikatoka. Ya kwanza ikawa ya Fisi, ya tano ya Pimbi. Mara ya sita programu ikaita nafasi ya 6, ambako hapana mtu. JavaScript haigombi kwa jambo kama hilo: ikajibu undefined, yaani hapa hapajawekwa kitu, ikaendelea na safari yake. Neno hilo likachapwa juu ya bahasha.

Fisi akaidaka. “Huyu Ndugu Undefined namfahamu. Yuko Mbamba Bay anavua dagaa. Nitamfikishia.”

Kanga akasogea mezani. “Mwanangu, na mimi?”

“Bibi, hukuitwa.”

“Na kahawa yangu?”

“Hiyo iliitwa. Imeshauzwa.”

Akaja Bundi, mkaguzi. Akahesabu magunia: sita. Akahesabu bahasha: sita. Akaandika kwamba hesabu ni safi, akala chakula cha mchana kwa mwenyekiti, akaruka zake.

Kobe akaitisha kikao. “Bundi amehesabu bahasha,” akasema, “lakini majina hakuyasoma.”

Hapo Ngedere akapata ujasiri. “Dawa zipo, wazee wangu. Tuanze na 0, tukome kabla ya kuifikia idadi. Au tutumie for...of, safu ipitiwe mtu kwa mtu, pasiwe na haja ya mwenyekiti kushika namba. Tukihamia Python, ukiita nafasi ya 6 ambayo haipo, kazi inasimama palepale na kosa linatangazwa.”

Fisi akasimama, kakunja uso. “Lugha inayomtangazia mwenyekiti kosa mbele ya wanachama haina adabu!”

Ikapigwa kura, na kura zikahesabiwa kuanzia namba moja hadi namba sita. Kikao kikaazimia kubaki na lugha yenye heshima, na Ndugu Undefined akachaguliwa mweka hazina.