Sifa za Faili la Kupandishwa Cheo

Wapo watu wasio na shukrani wanaolisema vibaya faili la kupandishwa cheo. Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu cha umma, nimekula nalo na kulala nalo uvunguni, nami naona wakati umefika lisifiwe hadharani.

Sifa yake kuu ni kumbukumbu. Tangu madrasa tumefundishwa kwamba kila mja ana malaika wawili, Raqibu na Atidi, wanaoandika mema na mabaya yake. Nawaheshimu sana. Lakini malaika hawadai viambatisho. Ukitoa sadaka wanaandika, yakaisha. Hawakuulizi barua ya mwaliko kutoka kwa maskini. Faili linauliza. Niliwahi kuwasilisha makala kongamanoni Zanzibar, na ushahidi wake ni huu: tangazo la kongamano, barua ya kukubaliwa, ratiba yenye jina langu lililopakwa wino wa njano, cheti cha ushiriki, na picha nikiwa nimeshika kipaza sauti, kwa sababu mjumbe mmoja wa kamati hupenda kujua kama mwombaji alisoma makala kweli au alikwenda kula samaki. Vyote hivyo vigongwe muhuri na wakili, ambaye Zanzibar hakuwepo, na ambaye hugonga huku macho yakiwa kwenye simu. Kwa hiyo Siku ya Hesabu sitatetemeka. Nitaomba ruhusa nichukue boksi faili langu, na mizani ya mema ikionekana nyepesi, nitaliweka juu yake zima zima.

Sifa nyingine ni za kupitia tu. Faili linakuza uchumi: kijana wa steshenari iliyo jirani na geti la chuo amejenga, mimi bado napanga. Linafundisha hesabu, kwani makala ya watu watano pointi zake hugawanywa, ndiyo maana siku hizi tunatafiti pamoja na wale tu tusioweza kuwakwepa. Tena linatutafutia marafiki wa mbali. Kila asubuhi napata barua pepe ya jarida nisilolijua, linaloniita Profesa Mtukufu na kuahidi kuchapisha makala yangu yoyote kwa haraka, nikilipa ada. Mkutubi mmoja wa Marekani, Jeffrey Beall, alikaa miaka akiyaorodhesha majarida ya namna hiyo, mpaka mwaka 2017 orodha ikaondolewa mtandaoni. Mimi siyachukii kihivyo. Hakuna mwingine aniitaye profesa.

Halafu kuna suala la kimataifa. Nafundisha Kiswahili. Naandika kuhusu Kiswahili, kwa Kiswahili, katika majarida yanayotoka Dar es Salaam, mojawapo likiwa na mizizi katika kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Kamati yetu imeuliza, kwa maandishi: je, jarida hili ni la kimataifa? Sasa nijibu nini? Nikatafute wapi makao makuu ya kimataifa ya Kiswahili, Oslo? Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka siku hiyo wakubwa wetu huvaa vitenge, wakapanda jukwaani na kuitukuza lugha yetu adhimu iliyovuka mipaka. Tarehe 8 Julai wanarudi ofisini kuuliza kama jarida ni la kimataifa. Watu wale wale! Na ule ukumbi wa mwaka wa kwanza, ambamo wanafunzi wengine husikilizia dirishani, na marundo ya vitabu vya mitihani ninayosahihisha usiku? Kwenye faili hayo yote ni ukurasa mmoja, nyuma ya picha ya kipaza sauti.

Samahani, nilikuwa nasifu.

Nimalizie na adabu. Wenzetu wa Marekani nao wana mateso yao ya kupimwa, lakini tamko lao la mwaka 1940 lilieleza wazi: muda wa majaribio usizidi miaka saba, na akishathibitishwa mwalimu asifukuzwe bila sababu ya kutosha, ili aweze kutafiti, kufundisha na kusema bila hofu. Faili letu limegeuza mpango huo kwa ustadi mkubwa. Mwenye faili kwenye kamati hapingi hoja ya mkuu wa idara, hata mkuu akisema Jumanne ni Alhamisi. Haulizi fedha za utafiti zimekwenda wapi. Anakubali kusimamia tasnifu ambazo wakubwa wamezikimbia, na akiombwa maoni anasema mjumbe aliyetangulia amesema yote. Akipanda cheo, huanza kuandaa faili la cheo kinachofuata. Nimewajua wasomi hodari waliofika kustaafu wakiwa na adabu hiyo kamili, bila doa, na leo husema ukweli mwingi sana wakiwa barazani kwao, ambako hakuna anayeandika kumbukumbu za kikao.

Faili langu liko kwa wakubwa. Kikao cha kulijadili kiliitishwa mwezi uliopita, kikaahirishwa kwa kukosa akidi. Waliofika walilipwa posho.